Ukuta wa Dorcas Kirkbride

Mwezi uliopita mgeni mmoja alishuka kutoka meli ya watalii akiwa na albamu kwapani, akapita nyumba kwa nyumba hapa Stanley, mji pekee wa visiwa vyetu vya kusini, akiuliza wazee kama wana noti za zamani zenye sura ya Mfalme. Kwangu alikunywa chai vikombe viwili. Alisema noti hizo zimeadimika kwa sababu karibu zote zilirudishwa na kuchomwa, na akanitajia bei anayotoa kwa moja iliyo safi. Bei hiyo ingenilisha mwaka mzima enzi zangu. Nilimwambia sina. Sikumwambia kwamba nilikuwepo zilipochomwa hamsini na nane kwa mpigo, na kwamba kwa mwenye noti hizo siku ile ilikuwa siku ya maziko.

Mwenyewe aliitwa Ewen Kirkbride. Alichunga kondoo wa kampuni kwa miaka thelathini na sita, na katika muda huo wote sidhani kama alishika pesa mkononi mara mia. Vijana wetu wanaonunua mkate kwa kadi hawaelewi jambo hili. Huko nyikani mshahara ulikuwa mstari ndani ya daftari la kampuni. Ukitaka buti, unga au tumbaku, mstari ulipungua. Noti uliziomba mara moja kwa mwaka, baada ya manyoya kufungwa marobota na kupakiwa melini, na meneja alikupa huku amekukodolea macho kana kwamba umemposa binti yake.

Ewen aliomba tatu kila mwaka, za pauni moja moja. Mwaka wa neema aliomba nne. Alizipeleka nyumbani Piedra Sola, na mkewe Dorcas akazibandika ukutani.

Nyumba zetu za nyikani zilikuwa za mbao na mabati, na upepo ulijua kila ufa. Kwa hiyo kila Novemba, kabla ya msimu wa kukata manyoya, wanawake walichemsha gundi ya unga wa ngano na kubandika karatasi mpya juu ya zile za mwaka uliopita. Walibandika magazeti yaliyotufikia yakiwa na umri wa miezi minne, kurasa za katalogi, hata karatasi za kufungia chai. Chini kabisa palikuwa na magunia yaliyopigiliwa misumari kwenye mbao. Nyumba ikishapita miaka kumi, kuta zake zilinenepa kama godoro. Dorcas aliona ni upumbavu kuacha unene huo bila kazi. Kila mwaka aliweka zile noti tatu juu ya tabaka la zamani, akazipaka gundi, akazifunika kwa gazeti jipya.

"Benki iko Stanley, siku mbili kwa farasi," alikuwa akisema. "Ukuta uko hapa hapa, na haufungwi saa kumi."

Mimi nilikaa nyumba ya jirani, yaani mwendo wa saa mbili na nusu kwa farasi. Wakati ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilipokuwa mtoto, mwalimu wa kuzunguka alikuwa akifika kwetu wiki mbili kwa mwaka, na ya kwanza yote aliitumia kuuguza makalio yaliyochubuliwa na tandiko. Kusoma nilijifunza kwenye ukuta wa Dorcas. Nilikuwa napita kuchukua barua, nakaa hadi jioni, nafuata mistari kwa kidole. Kurasa nyingine alizibandika kichwa chini makusudi, ili mtu aliyelala kitandani naye apate za kwake.

"Lachie, che, shingo yako itabaki hivyo," aliniambia siku moja, na "che" kwetu ni kama kusema "rafiki". "Nani atakubali kuolewa nawe?"

"Nitatafuta mwanamke aliyebandikwa kichwa chini."

"Basi umwambie akae mbali na jiko langu."

Ewen alicheka kimya kimya, mabega tu yakitikisika. Hakuwa mtu wa maneno. Nadhani maneno ya nyumba ile yote alimwachia mkewe, kama vile mkewe alivyomwachia yeye farasi wote.

Dorcas alikufa mwezi wa Julai, kwa maumivu ya tumbo. Siku zile daktari alitibu nyika nzima kwa redio, saa nne kila asubuhi, na kila nyumba ilisikiliza maradhi ya kila nyumba. Siku ya kwanza Ewen alieleza hali ya mkewe, na daktari akasema ndege itakuja. Siku ya pili ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji, ndege haikuruka. Siku ya tatu vivyo hivyo. Siku ya nne Ewen alifungua redio saa nne kamili, sote tukiwa tumeinamia za kwetu, akasema, "Daktari, hakuna haja tena." Kisha, kwa kuwa hakujua mazungumzo kama hayo yanafungwaje, akasema, "Asante."

Tulimzika kwenye mwinuko nyuma ya nyumba. Ewen alichonga ubao kutoka sanduku la chai, akaandika jina kwa rangi nyeusi. Upepo wetu hubeba mchanga, na mchanga haujui heshima. Baada ya majira mawili ya baridi ubao ulikuwa mweupe kama mfupa. Aliandika tena. Ukafutika tena. Ndipo alipomwandikia fundi wa mawe kule Montevideo, na fundi akajibu: jiwe pamoja na nauli ya meli ni pauni arobaini, na kila herufi shilingi tano. Ewen aliandika maneno anayoyataka nyuma ya karatasi ya tumbaku, akawa anayahesabu kwa ncha ya penseli kila nilipomtembelea. Pauni moja, herufi nne.

"Pesa unazo," nilimwambia. "Ziko mbele ya macho yako."

"Zipo."

"Basi zitoe."

Aliutazama ukuta. "Umeuona ule ukunjo karibu na dirisha? Ni mkono wake. Aliteleza, akatukana, akaacha hivyo hivyo." Mimi sikumshinikiza. Mwaka ukapita, kisha mwingine.

Mwaka wa tatu habari mbili zilimfikia ndani ya wiki moja. Ya kwanza ilitoka kwa meneja. Kampuni ilikuwa imenunua Landrover na kuweka seng'enge mpya, wachungaji wa nyumba za mbali hawakuhitajika tena. Piedra Sola ingefungwa mwisho wa Machi, na Ewen angehamia makao makuu, kwenye chumba cha nyumba ya pamoja. Watu waliita jambo hilo maendeleo. Mimi niliona moshi wa nyumba kumi na moja ukizimika katika miaka minne, na sijui nini kiliendelea. Kaburi lingebaki peke yake na ubao usio na jina. Anayekuja kulitafuta baadaye angelidhani ni la farasi.

Habari ya pili ilisomwa redioni. Noti zote zenye sura ya Mfalme zirudishwe ofisi ya fedha Stanley kabla ya tarehe thelathini na moja Machi. Baada ya hapo hazitakuwa na thamani. Zimetolewa mpya, za Malkia.

Msomaji alipomaliza, sauti ya Ewen ikaingia, taratibu. "Piedra Sola hapa. Naomba kuuliza. Noti ikiwa na gundi, inapokelewa?"

"Gundi gani, Ewen?" aliuliza karani wa redio.

"Ya unga."

"Gundi kiasi gani?"

"Ni ukuta mzima."

Visiwa vyote vilicheka. Kwenye redio zetu kicheko kilisikika kama kokoto zinazomwagwa kwenye bati. Bibi Tamsin Orchard, mjane wa kisiwa cha magharibi ambaye hakuna mazungumzo yaliyowahi kumpita, aliingilia: "Ewen, che, usizitoe! Wapelekee ukuta wenyewe, wakurudishie chenji ya madirisha!"

"Za kwangu zimelaliwa na kuku anayeatamia," alisema mwanamume mwingine. "Nani atamwambia kuku kwamba Mfalme amekufa?"

"Ni za Dorcas," alisema Ewen.

Kokoto zikakoma. Baada ya muda Bibi Tamsin alirudi, sauti ikiwa imeshuka. "Nisamehe, mwanangu. Sikiliza. Usitumie kisu. Chemsha maji, tumia mvuke, na anza juu kuelekea chini. Mtafute mtu wa kukushikia birika."

Kesho yake nilipanda farasi nikiwa na birika langu limefungwa kwenye tandiko.

Nilimkuta ameketi mbele ya ukuta, kofia kichwani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Jiko lilikuwa limejaa mboji, ule udongo mkavu wa majani tunaouchoma badala ya kuni, na linaunguruma, na mabirika mawili yalikuwa yanatoa mvuke. "Haya," alisema. Hakuna salamu nyingine.

Tulifanya kazi siku mbili. Mmoja alishika birika, mwingine akavuta karatasi kwa vidole, na gundi ya zamani ilipolainika chumba kilinuka uji. Kwanza ulitoka mwaka wa mwisho wa Dorcas, kisha wa kabla yake. Tulikuwa tunarudi nyuma. Niliziona kurasa nilizojifunzia kusoma zikianguka sakafuni, zimelowa, zimejikunja, na nikashindwa kuzitupa ndani ya jiko ingawa Ewen aliniambia nizitupe. Nilizipanga pembeni kama ngozi za kondoo. Zilikauka, zikapasuka, mwishowe alizichoma yeye mwenyewe mimi nikiwa nje nalisha farasi. Namshukuru kwa hilo.

Noti zilitoka laini kama majani yaliyochemshwa. Tulizilaza juu ya meza na kuziwekea uzito wa sahani. Ilipofika jioni ya pili tulikuwa na hamsini na saba, na tulikuwa tumefika kwenye magunia.

"Hamsini na saba," nilisema. "Arobaini za jiwe. Zinabaki kumi na saba, herufi sitini na nane."

"Nina herufi sitini na saba."

"Basi unaweza kuongeza moja."

"Sitaki kumzidishia," alisema, na karibu atabasamu.

Kilibaki kipande nyuma ya kichwa cha kitanda, upande aliolala Dorcas. Hatukutarajia kitu pale, kwa kuwa noti zote zilikuwa upande wa jiko, penye ukavu. Nilipoelekeza mvuke Ewen alivuta, na tabaka la chini kabisa likaja na noti moja peke yake. Pembeni, mahali peupe, palikuwa na maandishi ya penseli.

Alinipa. Macho yake hayakuwa mazuri kwa karibu. Nilisoma: "Ya Enid. Agosti 9."

"Enid ni nani?" aliuliza.

"Sijui. Unamfahamu Enid yeyote?"

"Hapana. Labda tunamdai. Labda tuna deni lake." Akakunja uso akitafuta katika majirani, katika wake za wakata manyoya, kisha nikaona uso wake ukiganda.

Mimi nilikuwa mgeni wa miaka tisa tu katika pande zile, kwa hiyo jambo hilo sikulijua. Alinieleza akiwa amesimama, mgongo kwangu. Mwaka wao wa pili Piedra Sola, katikati ya theluji ya Agosti, Dorcas alizaa mtoto wa kike. Aliishi siku mbili. Padri wa kuzunguka alikuwa upande wa pili wa visiwa, na alipofika mwezi wa Oktoba alisema mtoto ambaye hakubatizwa hawezi kuandikwa katika kitabu chake. Serikalini waliandika "mtoto wa kike, Kirkbride." Ewen alimzika kwenye mwinuko, ndani ya sanduku la mishumaa, na akaweka jiwe la mtoni juu yake. Hawakumzungumzia tena.

"Nilidhani hana jina," alisema. "Miaka yote hiyo nilidhani hatukumpa jina."

Aliichukua noti kwangu, akaiweka chini ya sahani yake peke yake.

Tuliondoka kesho yake alfajiri, noti zikiwa ndani ya bati la mkate kati ya vitambaa vikavu. Mito ilikuwa imejaa, siku mbili zikawa nne. Tulifika Stanley tarehe thelathini, na asubuhi ya siku ya mwisho tulikuwa mlangoni kwa ofisi ya fedha kabla haijafunguliwa, tukinuka jasho la farasi.

Mtunza Hazina alikuwa Mwingereza kijana, Bwana Harcombe, mwenye shingo nyekundu kwa baridi. Karani wake alikuwa Nessie Halliday, mzaliwa wa hapa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mbwa ng'ambo ya bonde. Utaratibu ulikuwa huu: Nessie anasoma namba ya noti kwa sauti, Bwana Harcombe anaiandika kitabuni, noti inakatwa pembe. Mwisho zote zinaingia ndani ya jiko mbele ya mashahidi. Nessie aliinua noti ya kwanza, akainusa.

"Che, Ewen, hii imeiva. Siagi iko wapi?"

"Soma tu, Nessie."

Alisoma hamsini na saba. Ewen alikuwa ameshika ya mwisho mkononi, wala haiweki mezani. Bwana Harcombe alingoja, kisha akainama aone penseli ile. Alikuwa mtu wa heshima, nitamsifu kwa hilo hadi nife.

"Unaweza kubaki nayo, Bwana Kirkbride. Hakuna atakayekuzuia. Ila kuanzia kesho itakuwa karatasi tu."

"Na nikikupa?"

"Nitakupa mpya, na hii itachomwa leo pamoja na wenzake."

"Huwezi kunipa mpya na kuniachia hii?"

"Siwezi. Naomba radhi."

Nikatoa pauni yangu mfukoni, mpya, ya Malkia. "Ewen, chukua. Baki na hiyo ya kwako. Jina la mtoto litachongwa kwenye jiwe kwa hii."

"Rudisha mfukoni, Lachie."

"Ni pauni moja tu, bwana!"

"Najua. Ni pauni yako." Hakuwa amekasirika. Alizungumza polepole kama mtu anayevuka tope, akipima kila hatua. "Hii ni ya kwake. Mama yake alimwekea. Hajawahi kununua kitu, Lachie, hata peremende moja. Mwache anunue jina lake."

Akaiweka mezani na kuinyoosha kwa kiganja. Alikaa hivyo kidogo, kidole gumba kikiwa juu ya penseli. Kisha akaondoa mkono.

Nessie alisoma namba. Sauti yake kubwa ilikuwa imepungua nusu. Bwana Harcombe aliandika, akainua kalamu, na Nessie akaendelea kusoma, ingawa utaratibu haukumtaka. "Enid," alisema. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza jina hilo kutamkwa mbele ya watu.

"Hakuna safu ya majina," alisema Bwana Harcombe.

"Andika pembeni," alisema Nessie.

Akaandika pembeni.

Tulisimama wanne mbele ya jiko. Noti zilizokula gundi ya unga miaka ishirini haziwaki haraka. Zilijikunja, zikawa kahawia, na chumba chote kikanuka mkate uliosahauliwa ndani ya tanuri. Ewen alivua kofia. Bwana Harcombe alimwona, akasimama wima, mikono pembeni. Kisha Nessie alifunga mlango wa jiko, akasema, "Haya, wanangu. Chai."

Jiwe lilifika baada ya miezi kumi na minne. Ewen alikuwa amehamia chumba cha nyumba ya pamoja, chenye karatasi za ukutani za kiwandani, maua yale yale kutoka sakafu hadi dari, nyuma yake hakuna kitu. Meneja alituazima trekta, na hilo lilikwama mara mbili. Mwisho tuliliburuta jiwe kwa farasi wanne juu ya sleji, kigari cha mbao kisicho na magurudumu, jinsi tulivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Piedra Sola ilikuwa imeshabomolewa kwa ajili ya mbao. Kilichosimama ni bomba la jiko tu.

Tulilisimika jiwe kati ya kaburi na lile jiwe dogo la mtoni. Juu lina maneno ya kumkumbuka Dorcas, herufi sitini na saba, Ewen alizihesabu zote kwa kidole kuhakikisha fundi hakumpunja. Kisha akapiga goti kwenye mstari wa chini, ambao una neno moja. Alihesabu hizo nazo: moja, mbili, tatu, nne. Alipangusa mchanga ndani ya kila moja kwa ukucha.

"Upepo utachukua muda gani kuzifuta hizi?" aliniuliza.

Nilikuwa nimewahi kusoma habari za mawe, ukutani kwake. "Miaka mia tano," nilisema.

Alifikiri. "Inatosha," alisema, akainuka, akaenda kuwafungua farasi.